Pauni 6 na Simu ya Nyumbani

Mwaka 1962, mtu aliyenunua kompyuta nchini Uingereza alinunua mashine: makabati ya chuma yaliyojaza chumba kizima, yakila umeme na kutoa joto. Programu za kuiendesha alipewa bure na kiwanda, na zile za shughuli zake mwenyewe aliajiri watu wa kuziandika. Kwamba programu ingeweza kuuzwa peke yake, ikawa na bei yake na ankara yake, ni jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawakuliona. Walioelezwa walicheka. Walipojua kuwa muuzaji mwenyewe ni mwanamke, wakacheka zaidi.

Muuzaji huyo aliitwa Stephanie Shirley. Alikuwa hajatimiza miaka 30, ofisi yake ilikuwa meza ya kulia chakula nyumbani kwake Chesham, mji mdogo nje ya London, na mtaji wake ulikuwa pauni 6. Kampuni aliiita Freelance Programmers, yaani waandishi wa programu wasio na mwajiri wa kudumu. Mwaka 2007, baada ya kubadili jina mara tatu, kampuni hiyo hiyo ilinunuliwa na Wafaransa kwa takriban pauni milioni 470.

Habari kama hii kwa kawaida husimuliwa kama ngano ya fukara aliyeokota dhahabu. Shirley mwenyewe, aliyekuwa msimulizi hodari, hakuikataa sana ngano hiyo. Lakini ndani yake kuna swali gumu kuliko la utajiri. Kampuni isiyo na kiwanda, isiyo na ghala, isiyo na hata kompyuta moja ya kwake, ni mali ya nani? Kila ilichokuwa nacho kilikuwa ndani ya vichwa vya wanawake waliokaa majumbani mwao, kila mmoja na jiko lake na watoto wake. Miaka thelathini ya kwanza ya kampuni hii ilikwenda katika kulijibu swali hilo kwa vitendo.

Shirley alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, akaitwa Vera Buchthal. Baba yake alikuwa jaji, na kwa kuwa alikuwa Myahudi, Wanazi walimwondoa kazini. Familia ilihamia Vienna, na huko, majira ya joto ya mwaka 1939, wiki chache kabla ya vita, Vera mwenye miaka 5 alipandishwa treni pamoja na dada yake wa miaka 9. Ilikuwa moja ya treni zilizowavusha watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, hadi Uingereza. Watoto hao wawili walipokewa na mke na mume wa Kiingereza huko Sutton Coldfield, wakalelewa hapo. Wazazi wao waliokoka, lakini ule ukaribu wa mzazi na mwana haukurudi tena. Baadaye alipopata uraia wa Uingereza aliacha jina la kuzaliwa akachukua la Stephanie Brook, na Shirley lilikuja na ndoa mwaka 1959.

Shuleni alipenda hisabati, somo ambalo shule yake ya wasichana haikulifundisha kwa kiwango alichokitaka, hivyo akaruhusiwa kwenda kulisoma katika shule ya wavulana. Akiwa na miaka 18 aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Posta kilichokuwa Dollis Hill, London. Zama hizo Posta ya Uingereza ndiyo iliyoendesha pia simu, na kituo hicho hakikuwa mahali pa mihuri na vifurushi tu. Hapo ndipo mhandisi Tommy Flowers alipojenga Colossus, mashine ya kielektroniki iliyosaidia kuvunja maandishi ya siri ya Wajerumani wakati wa vita. Shirley alishiriki katika kazi ya ERNIE, mtambo uliochagua washindi wa hati za akiba za serikali, na katika mradi wa kituo cha simu cha kielektroniki. Usiku alisoma, mpaka akapata shahada ya hisabati.

Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa mwanamume aliyekaa meza ya pili akifanya kazi ile ile. Hilo halikuwa siri wala hila ya bosi fulani. Lilikuwa kwenye viwango rasmi vya watumishi wa serikali, na usawa wa malipo ulikuja taratibu hadi ukakamilika mwaka 1961. Kupandishwa cheo kulikuwa shida nyingine. Alihama, akaenda kampuni ndogo iliyobuni kompyuta, na huko nako akagundua kwamba maoni yake juu ya bei na biashara hayakutakiwa. Yeye ni fundi, aambiwe cha kufanya akifanye. Akaacha kazi.

Kujiajiri kulikuwa na mantiki nyingine iliyozidi hasira. Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa watu wanaojua kuandika programu, na wakati huo huo wanawake waliokwisha kufundishwa kazi hiyo, kwa gharama ya waajiri wao, walikuwa wakiacha kazi kila walipojifungua. Ofisi zilitaka mtu aingie saa tatu na kutoka saa kumi na moja, siku tano, au asije kabisa. Ujuzi wa maelfu ya pauni ulikuwa umekaa nyumbani ukifua nepi. Shirley aliuona kama mfanyabiashara anavyoona shamba zuri lisilolimwa. Aliweka tangazo gazetini kuwatafuta wanawake waliowahi kuandika programu na ambao wangependa kazi za muda mfupi wakiwa nyumbani. Walimwandikia.

Kazi yenyewe inahitaji kuelezwa, maana msomaji wa leo akisikia kufanya kazi nyumbani hupata picha ya kompyuta ndogo mapajani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kompyuta. Mwanamke aliketi mezani na penseli na karatasi maalumu zenye mistari, akaandika maelekezo hatua kwa hatua. Karatasi zilikwenda kituo cha kuchapia, ambako maandishi yaligeuzwa kuwa matundu kwenye kadi au utepe wa karatasi. Kisha mtu mwingine aliyachapa upya yote ili kuhakiki kwamba hakuna tundu lililokosewa. Ndipo kadi zikapelekwa kwenye kompyuta ya kukodi. Kosa moja dogo lilimaanisha mzunguko wote uanze upya. Katika mazingira hayo mtu hakuandika kwanza akasahihisha baadaye; aliifikiria programu yote kichwani, akaijaribu kichwani, kabla ya kuituma. Kazi ya namna hiyo haikujali kama imefanywa ofisini mchana au jikoni usiku wa manane watoto wakiwa wamelala.

Chombo pekee cha lazima kilikuwa simu. Waombaji waliulizwa kama wanaweza kuifikia, kwa kuwa si kila nyumba ilikuwa nayo. Na simu ilikuwa na hatari zake: mteja akipiga, angeweza kusikia mtoto akilia. Shirley alirekodi sauti ya mashine ya kuchapa kwenye tepu, na simu ya mteja ilipoita, tepu ikawashwa ili ofisi isikike kuwa ofisi.

Barua zilikuwa kikwazo cha kwanza kabisa. Aliandikia makampuni mengi akijieleza, akiweka sahihi ya Stephanie Shirley, na majibu hayakuja. Mumewe, Derek, alimshauri atumie jina ambalo familia ilikuwa ikimwita kwa mkato, Steve. Barua za Steve Shirley zikaanza kujibiwa. Alipofika ofisini kwa miadi, mwenye ofisi akagundua kwamba Steve ni mama mwenye mkoba, lakini wakati huo mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Jina hilo lilimkaa maisha yake yote.

Mwaka 1964 kampuni iliandikishwa rasmi kuwa ya dhima yenye kikomo. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuandaa taratibu za usimamizi kwa ajili ya kampuni ya ushauri, kazi isiyo na mvuto wa kusimulia lakini yenye maana kubwa. Watu wasioonana, kila mmoja peke yake, hawawezi kujenga kitu kimoja bila kanuni zinazofanana za kuandika, kukagua na kukabidhi. Ofisi ya kawaida inaweza kuishi bila kanuni hizo kwa muda, maana mwenye swali hugeuza kiti akamuuliza jirani. Freelance Programmers haikuwa na jirani wa kumuuliza. Viwango vyake vya ubora vilikua vikali kwa sababu hiyo, na Shirley alisimulia kwamba baadaye vilichukuliwa hata na jeshi la muungano wa NATO.

Kazi nyingi zilikuwa za kawaida: ratiba za mabasi, ratiba za treni za mizigo, hesabu za bidhaa ghalani, na hesabu nyingine za bidhaa ghalani. Iliyobaki midomoni mwa watu ni ile ya Concorde, ndege ya abiria iliyopita mwendo wa sauti, iliyoundwa na Uingereza na Ufaransa na kuruka mara ya kwanza mwaka 1969. Programu ya kuchambua taarifa za kisanduku cheusi cha ndege hiyo iliandikwa na kikundi cha wanawake wa kampuni hii, wakiongozwa na Ann Moffatt, aliyeifanya kazi hiyo kwenye meza ya jikoni kwake huku akilea. Wahandisi wa ndege hiyo ghali walikuwa wakisubiri karatasi zilizotoka kando ya sufuria.

Kampuni ilijifunza pia kuuza kwa bei isiyobadilika. Washauri wengi walitoza kwa saa au kwa siku, na mteja alibaki akiangalia saa ya ukutani. Hapa mteja aliambiwa bei ya kazi nzima kabla haijaanza. Hatari ilikuwa ya kampuni: ikikadiria vibaya, inakula hasara. Lakini bei hiyo ilifunga mdomo wa mteja kuhusu mahali na wakati. Kama kazi imefika siku ya makubaliano na inafanya ilichoahidi, imeandikwa saa ngapi na nani alikuwa amembeba mtoto hakumhusu.

Ngano, hata hivyo, ina upande inaoupita haraka. Wanawake hawa walikuwa wa tabaka lenye bahati: wamesoma, wana nyumba, wana simu, na wengi wana mume mwenye mshahara. Walilipwa kwa kazi iliyopatikana. Kazi isipokuwepo, hakuna malipo, na mtu wa kujitegemea hana likizo ya ugonjwa wala pensheni ya mwajiri. Uhuru wao ulikuwa wa kweli, na wengi waliuthamini kuliko kitu kingine, lakini ni uhuru uleule uliomwezesha mwenye kampuni kuvuka miaka mibaya bila mzigo wa mishahara. Madereva wa teksi za mtandaoni wa Nairobi na Dar es Salaam wanaujua uhuru wa aina hiyo na bei yake. Ila Shirley, tofauti na wenye programu za leo, aliliona deni hilo na miaka ya baadaye akaanza kulilipa.

Kabla ya hapo miaka mibaya ilikuja kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uchumi wa Uingereza ulitikisika, na kitu cha kwanza ambacho makampuni yalikikata kilikuwa ushauri wa watu wa nje. Freelance Programmers ilifika ukingoni. Nyumbani kwa mwanzilishi hali ilikuwa nzito vilevile. Mwanawe wa pekee, Giles, aliyezaliwa mwaka 1963, alikuwa mtoto mchangamfu mpaka karibu na umri wa miaka miwili na nusu, kisha maneno machache aliyokuwa nayo yakapotea. Alikuwa na usonji mkali, na baadaye akapata kifafa. Mwaka hadi mwaka Shirley alisimamia kampuni na kumlea kijana asiyeweza kujieleza, mpaka mwili na akili vikakataa akalazwa hospitali. Giles naye aliishia kuwekwa katika hospitali ya watu wenye ulemavu wa akili. Ukisoma historia ya kampuni bila kipande hiki, hutaelewa kwa nini mwenye kampuni alikuwa na uvumilivu mkubwa kwa mfanyakazi aliyesema leo siwezi, mtoto anaumwa.

Kusudi la kampuni lilikuwa limeandikwa, na liliandikwa upya mara kadhaa. Mwanzoni lilikuwa kuwapa kazi wanawake wenye watoto. Shirley alipoona kwamba kibarua si kitu sawa na taaluma inayompandisha mtu, maandishi yakabadilishwa kuzungumzia taaluma. Kisha ikaonekana kwamba wapo wanaouguza wazazi wazee au mume mgonjwa, na hao wakaongezwa. Wakati huo wote neno wanawake halikuguswa: kati ya wafanyakazi 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake.

Mwaka 1975 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kazini. Ilikuwa sheria waliyoipigania wanawake, nayo ikaigeuza sera ya kampuni hii ya wanawake kuwa kosa. Wanaume walianza kuingia, na maandishi ya kusudi yakasema watu. Karibu na wakati huo jina nalo lilibadilika kuwa F International.

Swali la nani mwenye mali lilirudi kwa nguvu kampuni ilipoanza kupata faida ya maana. Mwenye hisa alikuwa Shirley. Lakini nini hasa alichokuwa akikimiliki? Wangeondoka wote asubuhi moja, angebaki na meza ya kulia chakula. Katika miaka ya 1980 alianza kuhamisha hisa zake kwenda kwa wafanyakazi kupitia mfuko wa amana, mpaka wakawa na robo ya kampuni, na gharama ya hatua hiyo ilitoka mfukoni mwake, si kwenye mishahara yao. Mwaka 1991 wafanyakazi waliongeza fungu lao kwa kununua wenyewe. Uingereza ilikuwa na mfano maarufu wa kampuni inayomilikiwa na waajiriwa, maduka ya John Lewis, lakini katika biashara ya kompyuta jambo hilo lilikuwa geni.

Wakati huohuo Shirley alifanya jambo ambalo waanzilishi wengi hushindwa kulifanya: alimpisha mtu mwingine. Hilary Cropper alikuja mwaka 1985, na miaka miwili baadaye akawa mtendaji mkuu. Alikuwa meneja wa aina nyingine, aliyefuata mauzo na nidhamu ya gharama. Kampuni ikaitwa FI Group mwaka 1988. Wateja wakubwa, hasa mabenki, hawakutaka tena programu moja moja. Walitaka kampuni ichukue kitengo kizima cha kompyuta, pamoja na watu wake, na kukiendesha miaka mingi. Kazi kama hiyo haifanyiki kwa karatasi za posta. Taratibu wafanyakazi walihamia kwenye vituo vya kazi na ofisi za wateja, na yule mwanamke wa mezani nyumbani, aliyekuwa ndiye kampuni yenyewe, akawa mmoja kati ya wengi. Sidhani kama Cropper alikosea. Bila mageuzi hayo huenda FI ingebaki kampuni ndogo yenye historia nzuri, au isingebaki. Lakini kitu kilichoifanya iwe tofauti na nyingine ndicho kilicholipia ukuaji wake.

Shirley alistaafu mwaka 1993, akiwa na miaka 60. Miaka mitatu baadaye FI Group iliingia Soko la Hisa la London, na kampuni ya watu binafsi ikawa kampuni inayouza hisa kwa umma. Zile hisa za wafanyakazi sasa zilikuwa na bei inayosomeka gazetini kila asubuhi. Bei ilipanda pamoja na homa ya intaneti ya mwishoni mwa miaka ya 1990, na wafanyakazi 70 wakawa mamilionea, wakiwemo waliowahi kuandika programu kwa penseli. Shirley akawa miongoni mwa wanawake matajiri zaidi Uingereza waliochuma wenyewe. Homa iliposhuka, sehemu kubwa ya utajiri huo wa kwenye karatasi ikashuka nayo.

Alichokipata alikigawa. Giles alifariki mwaka 1998, akiwa na miaka 35. Mama yake alikuwa ameshaanzisha shirika la kuwatunza watu wazima wenye usonji, kisha ikafunguliwa shule ya Prior's Court kwa watoto wenye hali hiyo, na mwaka 2004 taasisi ya utafiti iitwayo Autistica. Fedha zake ndizo zilizoanzisha pia Taasisi ya Intaneti katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2001. Jumla ya alivyotoa ilizidi pauni milioni 60. Alipewa heshima ya Dame mwaka 2000, na alifariki Agosti 2025, akiwa na miaka 91.

Kampuni ilikwenda njia yake. Mwaka 2001 FI Group iliitwa Xansa, jina la kubuni la zama zile ambazo kila kampuni ya teknolojia ilitaka neno lisilo na maana katika lugha yoyote. Ilikuwa imekwisha kununua kampuni ya programu nchini India, na kazi nyingi zaidi zikahamia huko, kwenye ofisi za Noida na Chennai. Mteja wa London akawa anahudumiwa tena na watu asiowaona, safari hii si kwa sababu wanalea watoto bali kwa sababu mishahara yao ilikuwa midogo. Steria ya Ufaransa ilipokuja kununua mwaka 2007, matawi hayo ya India ndiyo yaliyokuwa kivutio kikubwa, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Xansa walikuwa huko. Jina la Xansa liliondolewa. Mwaka 2014 Steria yenyewe iliungana na Sopra, nayo ya Ufaransa, na kilichotokana na meza ya Chesham sasa ni sehemu ya Sopra Steria, kampuni yenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi.